Gari la mbio la kabla ya 1914 katika kipimo cha 1/24: naomba ushauri kuhusu aina ya gari, visanamu na rangi

Mjenzi_wa_Sinza

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimepokea kutoka nje seti ya kampuni ya ICM ya kuunganisha modeli ya plastiki ya Ford Model T Speedster ya mwaka 1913, kipimo cha 1/24 (yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi). Nia yangu ni kuitumia kuonyesha Grand Prix ya Ufaransa iliyofanyika Le Mans mwaka 1906, gari likiwa limesimama kando ya barabara na dereva akibadilisha tairi. Nimekusudia kulipaka buluu ya Ufaransa na kuandika namba nyeupe kwenye boneti.

Nina maswali matatu. Je, gari hili linaweza kukubalika kuwa la Le Mans nikibadilisha vitu vichache? Visanamu nilivyonavyo ni vya wanajeshi wa kipimo cha 1/35. Vitafaa nikiwabadilishia mavazi? Na kwa kuwa hapa Dar masika bado yanaendelea, rangi ya kopo ya kupuliza niliyoijaribu kwenye fremu za plastiki zinazoshikilia vipande vya seti imekauka ikiwa na ukungu mweupe juu yake. Tatizo ni rangi au ni hewa?

Babu_wa_Upanga

Nitajibu swali la kwanza, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua mengine yote. Hapana, bwana mdogo, halitakubalika, na wala si kwa ajili ya tofauti ya miaka saba peke yake. Gari lililoshinda Le Mans mwaka 1906 lilikuwa Renault AK la Ferenc Szisz, lenye injini ya karibu lita 13, wakati injini ya Model T ni ya lita 2.9 na nguvu farasi 20. Hata asiyejua namba hizo ataona tofauti kwa macho: rejeta ya Renault ile ilikaa nyuma ya injini, na kwa hiyo boneti yake inashuka mbele kwa mteremko, ilhali rejeta ya Ford ya 1913 ni ya shaba na imesimama wima mbele kabisa. Usukani wa Ford uko kushoto, na wa Renault ulikuwa kulia. Ukibadilisha vyote hivyo utakuwa umetengeneza gari jipya kwa karatasi za plastiki na kuitupa seti uliyoilipia.

Mimi ningeiacha Ford iwe Ford. Historia yake katika mbio si ndogo hata kidogo. Mwaka 1909 Model T ilitangulia kufika katika mashindano ya kutoka New York hadi Seattle, kisha miezi kadhaa baadaye ikanyang'anywa ushindi kwa kubadilishiwa injini njiani, na tuzo ikapewa gari la Shawmut. Katika miaka ya 1910 vijana wa Marekani walizivua Ford zao bodi nzito na kuzishindanisha kwenye viwanja vya udongo vya mbio za farasi. Mandhari hiyo ni rahisi kuitengeneza: uzio wa mbao, udongo, na mapipa mawili ya mafuta. Taa na madigadi usiviunganishe, maana waendesha mbio waliviondoa ili kupunguza uzito. Buluu nayo iache. Utaratibu wa kila nchi kuwa na rangi yake ulitokana na Kombe la Gordon Bennett lililoanza mwaka 1900, ambako magari yaliwakilisha mataifa; katika kiwanja cha udongo cha Marekani kila mtu alipaka alichokipenda.

Dada_Msasa

Shikamoo Babu. Nakubaliana nawe kuhusu gari, nami niongeze kuhusu visanamu.

Kaka, piga hesabu kabla ya kukata chochote. Mtu wa mita 1.70 katika kipimo cha 1/35 ana urefu wa sentimita 4.9 hivi. Kisanamu hicho ukikisimamisha kando ya gari la 1/24 kitakuwa sawa na mtu wa mita 1.17, yaani mtoto wa darasa la kwanza anayeomba lifti. Mavazi hayawezi kuficha jambo hilo. Kwa 1/24 unahitaji mtu wa sentimita saba. ICM wenyewe wanauza visanamu vya madereva wa magari ya michezo ya Marekani ya miaka ya 1910 katika kipimo hichohicho, na hao ndio ningeanza kuwatafuta. Ukikosa, chukua waya mwembamba wa shaba, ukunje kiunzi cha mtu aliyepiga magoti, kisha umvike kwa gundi ya epoksi ya kukanda inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mtu aliyepiga magoti ni rahisi kuliko aliyesimama, kwa kuwa kasoro za urefu wa miguu hazionekani.

Usimpe helmeti. Madereva wa wakati ule walivaa kofia za kitambaa, mara nyingi wakizigeuza kisogoni ili upepo usizipeperushe, pamoja na miwani mikubwa ya kuzuia vumbi. Na tafadhali usimweke dereva peke yake. Fundi aliyepanda naye ndiye aliyepiga pampu za mafuta, aliyetazama nyuma kujua nani anakuja, na aliyeshuka kuhangaika na tairi. Pale Le Mans ni wawili hao tu walioruhusiwa kuligusa gari lao likiharibika. Inanisikitisha kuona modeli nyingi nzuri zina dereva aliyechorwa hadi kope, na kiti cha pembeni hakina mtu.

Kuhusu ukungu, ni hewa. Kimiminika cha rangi kikigeuka mvuke haraka hupoza uso wa plastiki, na unyevu wa hewa yetu huganda papo hapo ndani ya rangi ambayo haijakauka. Subiri siku kavu, puliza kati ya saa nne na saa nane mchana, tabaka jembamba jembamba, kisha kifunike kipande ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu. Au tumia rangi ya maji kwa brashi na usahau habari ya masika. Rangi ya gereji iliyochanganywa na thina ya magari usiiweke moja kwa moja juu ya plastiki, itaiyeyusha.

Mwalimu_Changombe

Mengi yamesemwa, nami nitagusia tairi. Usizipake rangi nyeusi. Kaboni nyeusi ilianza kuchanganywa katika mpira wa tairi kuanzia miaka ya 1910, na kabla ya kuenea, tairi zilikuwa za kijivu cheupe au rangi ya maziwa yaliyochafuka. Kwa gari la 1913, kijivu chepesi chenye udongo kwenye kingo kitakuwa sahihi.

Dada Msasa, kuhusu fundi nakuunga mkono kwa gari hili, lakini kanuni hiyo ina mipaka yake. Ray Harroun alishinda mbio za Indianapolis, Marekani, mwaka 1911 akiwa peke yake katika gari la Marmon Wasp, na wapinzani walipolalamika kwamba hana wa kumtazamia nyuma, akafunga kioo cha kutazamia nyuma. Tena kuanzia 1925 mafundi walizuiwa kupanda katika Grand Prix, kwa hiyo anayejenga modeli ya Bugatti Type 35B ya kampuni ya Italeri akimweka fundi ndani atakuwa amekosea, ingawa nafasi yake ipo.

Uchafu nao ufuate mahali. Le Mans ya 1906 barabara zilimwagiwa lami, jua likaiyeyusha, ikawarukia watu machoni. Indianapolis ilitandikwa matofali mwaka 1909, kwa hiyo pale ni mafuta zaidi kuliko vumbi. Kiwanja cha farasi ni udongo mtupu, uliorushwa kutoka chini kwenda nyuma, si ulionyunyizwa gari zima kama unga wa ngano.

Mjenzi_wa_Sinza

Nawashukuru nyote. Nimeamua kwamba gari litakuwa la kiwanja cha udongo, bodi nyekundu iliyofifia, fundi akiwa amepiga magoti penye gurudumu la nyuma na dereva ameshika pampu. Limebaki jambo moja: namba niichoreje bila karatasi za kuhamisha picha?

Dada_Msasa

Ichore kwa mkono, kaka. Namba za viwanja vile zilichorwa kwa brashi na mtu yeyote aliyekuwa karibu, kwa hiyo kingo zilizopinda kidogo zitakuwa za kweli kuliko zilizonyooka. Anza kwa penseli, paka nyeupe mara mbili, na vanishi isiyong'aa uiweke kabla ya kupaka udongo, ili ukikosea udongo uweze kuufuta bila kuondoka na namba.