Asilimia darasa la sita: risiti ya LUKU niitumieje bila kuwachanganya watoto?

chaki_nyeupe

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nina darasa la sita, watoto 71. "Tafuta 18% ya 5,000" wanalimaliza bila shida. Ila ukiwauliza kwa nini umeme wa 10,000 nyumbani hautoi uniti zilezile kila mara, darasa zima kimya. Kipindi kijacho nataka nianze na risiti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kitabu kifuate. Nianzie wapi? Zile desimali nizikate? Na wale ambao kwao hakuna umeme, wafanye nini?

kokotoa

Mwalimu, desimali usizikate, somo lenyewe limo humo. Nakili risiti moja kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa. Jina, namba ya mita na zile tarakimu 20 za tokeni usiziandike, hazihusiani na hesabu. Ya shilingi 10,000, kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, inakaa hivi:

Gharama ya umeme 8,196.72
VAT 18% 1,475.41
REA 3% 245.90
EWURA 1% 81.97
Jumla 10,000.00
Uniti 28.1

VAT ni kodi ya ongezeko la thamani, REA ni tozo ya umeme vijijini, EWURA ni ya mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Hapo bei ya uniti ni shilingi 292 kabla ya makato. Viwango hubadilika, kwa hiyo fuata vilivyo kwenye risiti uliyoshika wewe.

Kwanza funika mistari yote isipokuwa jumla na zile asilimia tatu. Waambie wakadirie gharama ya umeme wenyewe. Karibu wote watajumlisha 18 na 3 na 1, wapate 22, kisha watoe 22% ya 10,000. Watabaki na 7,800, wagawanye kwa 292, wapate uniti 26.7. Waache wafike hapo, usiwakatishe. Halafu funua: 28.1. Hapo ndipo watataka kujua kwa nini, na wewe ndipo pa kufundishia.

Sababu: hizo 22% hazikupigwa kwenye 10,000. Zimepigwa kwenye gharama ya umeme, kisha zikaongezwa juu yake. Umeme ni 100%, makato 22%, kwa hiyo 10,000 ni 122%. Gawanya 10,000 kwa 122 upate 1%, ambayo ni 81.97. Sasa waambie watafute 81.97 kwenye risiti. Wataikuta mstari wa EWURA, maana EWURA ndiyo hiyo 1% yenyewe. Mara 3 ni REA, mara 18 ni VAT, mara 100 ni umeme.

Angalizo moja. Ukizidisha 81.97 kwa 18 unapata 1,475.46, risiti inasema 1,475.41. Mtoto makini ataliona na atadhani amekosea. Mwambie 81.97 imekadiriwa, ukiiacha 81.967213 majibu yanakutana.

mama_vipimo

Naunga mkono, ila swali la watoto wasio na umeme tusilipite juujuu. Ukimwambia mtoto "leta risiti ya kwenu" umemwaibisha asiye nayo mbele ya wenzake. Risiti ailete mwalimu, na kila kundi lifanye kazi kwa nakala ileile ya manila. Kisha siku ya pili nenda kwenye kitu ambacho kila nyumba inakijua: sado na debe.

Sado ni lita 4, debe ni lita 20, kwa hiyo sado tano zinajaza debe. Watume watoto waulize bei za mahindi mtaani kwao. Tuseme sado ni 5,000 na debe 22,000. Sado tano ni 25,000, tofauti ni 3,000. Uliza: hiyo ni asilimia ngapi? Anayenunua debe badala ya sado tano ameokoa 3,000 kati ya 25,000, ni 12%. Mchuuzi aliyenunua debe akaliuza kwa sado amepata 3,000 juu ya mtaji wa 22,000, ni 13.6%. Pesa ileile, asilimia mbili, na zote sahihi. Ni kosa lilelile la LUKU: asilimia ya nini? Hilo swali liandike juu ya ubao na lisifutwe wiki nzima.

Kama una sado shuleni, ijaze mahindi, uisawazishe kwa rula, halafu uongeze kilima kama wauzavyo sokoni. Kata kile kilima kwa rula juu ya sinia na uyapime yaliyodondoka kwa kikombe cha mililita 250. Yakijaa vikombe viwili ni nusu lita, yaani 12.5% ya sado. Usitumie maji, hayafanyi kilima. Na usitumie unga, unashindilika, kila kundi litakuja na jibu lake.

kokotoa

Mama umenena. Niongeze la risiti zenye deni, maana ndilo jibu la lile swali lililowanyamazisha. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na 1,500 ya mwezi hutoka kwanza, kabla ya kitu kingine. Kwa hiyo 10,000 inabaki 8,500. Gawanya kwa 1.22 ni 6,967.21, gawanya kwa 292 ni uniti 23.86. Weka risiti mbili sambamba, yenye deni na isiyo nayo, wao waeleze tofauti. Ila hiyo iwe kipindi cha tatu. Ukiileta siku ya kwanza utawapoteza.

chaki_nyeupe

Asanteni sana. Kinachonitia hofu ni kugawanya kwa 122 kwa mkono. Nusu ya dakika 40 itaishia hapo.

kokotoa

Basi nunua umeme wa 6,100 kwa simu, si lazima iwe 5,000 au 10,000. Nunua baada ya deni la mwezi kukatwa tayari. Risiti itakuja na umeme 5,000, VAT 900, REA 150, EWURA 50. Kugawanya 6,100 kwa 122 ni 50, mtoto wa darasa la sita anaimaliza. Anza na hiyo, ile ya 10,000 ije wakishaelewa.

Na 6,100 ina faida nyingine. Kwa mteja wa kawaida inatoa uniti 17.1. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, bei ya uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, kwa hiyo anapata uniti 50 kamili. Watoto wa mtaa mmoja huwa wanabishana kwa nini jirani anapata uniti nyingi kwa pesa ileile. Wape hizo namba mbili, waambie watafute bei ya uniti ya kila nyumba.

mama_vipimo

Na matokeo wayaandike kwa sentensi, si namba tupu: "VAT ni 18% ya gharama ya umeme." Anayeandika "VAT ni 18%" akaishia hapo, mrudishie daftari aimalizie.