Naomba ushauri: skafu ya kugeuza mfuko, nichukue kitambaa gani?

Habari zenu wakuu. Nataka skafu kubwa ya mraba ambayo nikifunga ncha mbilimbili inakuwa mfuko wa kubebea vitu, ili nipunguze mifuko ya plastiki. Niliyo nayo ni laini mno. Ukiweka vitabu viwili na chupa ya maji, fundo linateleza taratibu mpaka ncha zinaachana.

Sasa nimekwama kwenye kitambaa. Poliesta iliyotokana na chupa za plastiki inasifiwa sana, ila kila ikifuliwa inaachia nyuzi ndogondogo za plastiki kwenye maji. Pamba nayo hunywa maji mengi shambani. Kitani kinanivutia kwa uimara, lakini kinakunjamana, na shingoni napenda kitu kilichonyooka (urembo nao una haki yake jamani). Aliyekitumia, fundo linashika? Upana gani unatosha?

Halafu pochi za korki (gome la mti linalotengenezewa pia vizibo vya chupa): najua gome hilo huvunwa kila baada ya miaka 9 hivi bila kukata mti. Ila nyingine ni korki nyembamba iliyobandikwa juu ya plastiki. Mnazitambuaje kabla ya kununua?