Ndege gani hawa wanalia huku Pugu?

Mshonaji_Pugu
Wakuu, habari za jioni. Tumehamia Pugu tukitokea Sinza. Nyumba yetu ya mwisho mtaani, ukivuka mfereji ni miti tu mpaka msitu wa hifadhi. Sinza nilizoea kunguru na muziki wa baa, huku kuna sauti zinanitoa jasho.

Ya kwanza huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Milio mitatu, kila mmoja chini kidogo ya uliotangulia, inatulia, inarudia. Haichoki! Nimeangaza juu ya miti mpaka shingo ikauma, sioni kitu. Ya pili inatoka chini vichakani, "du-du-du-du-du", inakwenda kasi huku ikishuka kama maji yanayotoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Ya tatu ndiyo mtihani: usiku wa manane kitu kinalia utadhani kichanga kimetupwa. Mama mkwe kasema ni bundi, uchuro huo, tumwite shehe.

Babu_Kisarawe
Binti, hiyo ya pili ni dudumizi, usihangaike. Ndege mkubwa, mabawa ya kahawia, jicho jekundu, mkia mzito. Kuruka kwenyewe kwa shida. Dume na jike huitikiana, kwa hiyo utasikia mmoja huku na mwingine kule. Sisi tukimsikia analia sana tunajua mvua i karibu, tunatafuta majembe. Hayo mengine waachie vijana wenye darubini.

Darubini_Mkononi
Shikamoo babu. Dada, ya kwanza ni kekeo mwenye kifua chekundu, Cuculus solitarius. Hujificha juu kabisa kwenye majani, ndiyo maana humuoni, na msimu wa mvua anaweza kulia hata usiku. Halei watoto wake: jike hutaga kwenye viota vya wengine, hasa kurumbiza.

Ila angalia mtego mmoja. Msituni humo yupo kurumbiza, Cossypha natalensis, fundi wa kuigiza wenzake. Ukisikia milio hiyo inatokea chini, halafu bila kupumzika inafuata sauti ya ndege mwingine na mwingine, mshuku huyo. Rekodi kwa simu, andika saa na kama sauti ilitoka juu au chini, kisha linganisha na za xeno-canto, tovuti ya bure iliyoanza 2005. Tafuta kwa jina la kisayansi, majina ya Kiswahili utayakosa.

Ya tatu si ndege. Ni komba! Hondohondo naye hulia kama mtoto, lakini yeye ni wa mchana. Mulika tochi mtini, ukiona macho mawili yanawaka, ndiye. Na msitu huo una komba mwingine mdogo sana, aitwaye komba wa Rondo, ambaye duniani amebaki kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Shehe mwacheni apumzike.

Mshonaji_Pugu
Asanteni sana. Nimesikiliza rekodi ya huyo Cuculus, ni yeye mtupu, na anatokea juu. Jana usiku mume wangu kamulika: macho mawili juu ya mpapai, mkia mrefu, na papai lililoiva limeliwa nusu. Mama mkwe kaangalia dirishani, kasema bundi hali papai. Sasa anataka tufuge mbwa.