MDT, FOG au Autopilot: mnatumia nini kupiga Windows kompyuta nyingi za ofisi?

Uyole_IT
Habari za jioni wakuu. Ofisi yetu iko Mbeya mjini, matawi yako Tukuyu, Vwawa na Makambako. Makao makuu pana kompyuta za mezani 40 hivi na seva tatu. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu za zamani ni Intel kizazi cha sita, ambazo Windows 11 haizipokei rasmi. Mpya zimeshafika, ziko kwenye maboksi.

Hadi leo tunapiga Windows kwa flashi, moja baada ya nyingine, kisha Office, printa, antivirusi na programu ya mahesabu. Inakula siku nyingi na kila mashine inatoka na sura yake. Nimesoma kuhusu MDT na WDS (zana za Microsoft za kupiga Windows kupitia mtandao wa ofisi), FOG (programu ya kunakili diski nzima kwenda kompyuta nyingi), na Autopilot (huduma ya Microsoft ya kuandaa kompyuta kupitia intaneti). Kwa mazingira yetu ya huku, ipi inafaa?

Kabwe_Fundi
MDT iondoe kwenye orodha mkuu, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyeipenda sana. Toleo lake la mwisho ni 8456, Windows 11 haijawahi kuungwa mkono rasmi, na imejengwa juu ya VBScript, lugha ya zamani ya skripti ambayo Microsoft wenyewe wanaiondoa kwenye Windows. WDS nayo ukiiwekea boot.wim (faili la kuwashia usakinishaji) ya Windows 11 usakinishaji unagoma, wameizuia makusudi. Unaweza kuzunguka kwa WinPE (Windows ndogo ya kusakinishia) yako mwenyewe, lakini kuanza mradi mpya leo juu ya kitu ambacho mwenyewe amekitelekeza, sikushauri.

Mnyalu_Mtandao
Kamwene! Mimi niko Iringa, natumia FOG, na kwa mashine 40 zinazofanana sioni cha kuishinda. Ni ya bure, inakaa kwenye Linux, na kompyuta ya kawaida yenye diski kubwa inatosha kuwa seva yake. Unaandaa mashine moja kikamilifu, unaipitisha Sysprep (zana ya Windows inayofuta utambulisho wa mashine hiyo), FOG inavuta imeji yake, yaani nakala ya diski nzima, halafu nyingine zinawaka kwa PXE, yaani kupitia mtandao, na kuipokea. Ukiweka na programu ndogo ya FOG ndani ya imeji, jina la kompyuta na kuingia kwenye domeini (mfumo wa pamoja wa kusimamia kompyuta za ofisi) vinajimaliza vyenyewe. Na bando haliguswi.

Ila kagua swichi zako kabla ya chochote. Tuseme imeji ni GB 15. Kwa swichi ya Mbps 100, mashine moja inataka dakika 20 hata mambo yakienda sawa kabisa. Ukizipelekea zote 40, kila moja na nakala yake, ni zaidi ya saa 13. Gigabiti inashusha hadi saa moja na dakika 20, kama diski ya seva inaweza kumudu. Kwa multikasti seva inatuma mara moja tu na kundi zima linapokea kwa pamoja, kwa hiyo hata swichi ya 100 inakaa karibu na zile dakika 20. Tatizo ni kwamba mashine iliyo nzito kuliko zote ndiyo inayopanga mwendo, na swichi za bei rahisi zisizoelewa IGMP (lugha ya kujua ni nani anapokea multikasti) zinamwaga data kwenye kila tundu hadi ofisi nzima inakwama. Fanya Jumapili.

Mufindi_Chai
Natofautiana kidogo na kaka Mnyalu. Autopilot haipigi Windows upya, inachukua ile ya kiwandani na kuigeuza ya ofisi kupitia Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta kwa mbali. Mashine ikienda tawi la mbali siendi nayo, mtumiaji anaingiza barua pepe ya kazi na kusubiri. FOG haikufikishi hapo. Lakini leseni ya Intune unalipia kila mtumiaji, na intaneti ikiyumba katikati mtu anabaki anaitazama skrini. Kwa Vwawa yenye mashine chache ningeifikiria. Kwa 40 ndani ya jengo moja, hapana.

DadaSeva
Jamani, na seva? Hizo msizinakili kwa imeji. Kila seva ina kazi yake na RAID yake (mpangilio wa diski kadhaa kufanya kazi pamoja). Tumieni faili la majibu, linalojibu maswali ya usakinishaji badala yako: Ubuntu wana autoinstall tangu 20.04, Red Hat wana Kickstart, Debian wana preseed, Windows Server inasoma autounattend.xml. Yaliyobaki mwachie Ansible, programu inayopanga seva kwa kufuata maelekezo uliyoandika. Faili ni maandishi tu, likikaa kwenye Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko) unaona nani alibadilisha nini na lini. Kwa seva tatu utasema ni kazi ya bure, hadi siku moja ife na uhasibu wanataka kufunga mwezi. Hapo unairudisha ilivyokuwa bila kutegemea kumbukumbu ya fundi aliyeshahama.

Na UPS (betri ya akiba) isiwe ya seva peke yake. Swichi nayo iwekewe, maana ikizima umeme unapokatika, mashine zote zinazopokea imeji zinaishia njiani.

Uyole_IT
Asanteni sana, dada na wakuu wote. Makao makuu naelekea FOG, seva nafuata ya DadaSeva. Maswali mawili: mashine zimekuja na Windows 11 Pro ya kiwandani, naruhusiwa kuziwekea imeji yangu? Pili, DHCP (huduma ya kugawa anwani za IP) inatoka kwenye ruta ya mtoa huduma ya intaneti, na siruhusiwi kuigusa.

Kabwe_Fundi
Imeji usiitengeneze kwa Windows ya kiwandani, leseni yake hairuhusu. Nunueni walau leseni moja ya Volume (ya mashirika) ya Windows 11 Pro, utengeneze imeji kwa faili zake. Toleo lazima lilingane, Pro kwa Pro. Mwambie bosi sasa, kabla hujaanza.

Mnyalu_Mtandao
DHCP isikutishe. Weka dnsmasq, programu ndogo ya DHCP, kwenye seva ya FOG kama proksi: ruta inaendelea kugawa anwani za IP, dnsmasq inaongeza tu maelezo ya wapi pa kuchukua faili la kuwashia. Zima Secure Boot (kinga inayozuia mashine kuwaka kwa programu isiyotambulika) mashine inapopokea imeji, ukimaliza irudishe. Anza na mashine mbili tu. Ukikwama kwenye mipangilio ya dnsmasq ibandike hapa, nitaipitia kesho asubuhi.