Mrejesho: nyuzi za fidla ya mwanafunzi, saizi 3/4

Asanteni kwa majibu. Swali lilikuwa nyuzi zipi zibadilishe zile za kiwandani kwenye fidla ya 3/4 ya mtoto anayeanza. Nimechukua D'Addario Prelude, seti ya 3/4. Kiini ni chuma, kwa hiyo hazitoki sana kwenye sauti joto na unyevu vikibadilika. Nyuzi za Dominant na Tonica, zenye kiini cha sintetiki, zina sauti laini zaidi, ila hulegea siku za mwanzo na bei imechangamka! Za 4/4, yaani za fidla kubwa ya kawaida, msiziweke: kwenye fidla fupi zinakuwa legelege.

Kufunga ni uzi mmoja mmoja. Ukitoa zote nne pamoja daraja (kibao kinachobeba nyuzi) linaanguka, na nguzo ya ndani (kijiti kilichosimama ndani ya fidla) inaweza kudondoka. Hapo ni kwa fundi tu. Mifereji ya daraja na ya juu ya shingo ipakwe risasi ya penseli ili uzi uteleze. Bila hiyo, kila ukikaza daraja linavutwa kuelekea shingoni, hatimaye linapinda. Uso wa daraja wa upande wa mkia (kipande kinachoshika nyuzi upande wa chini) usimame wima. Uzi wa E, ule mwembamba kuliko wote, ukikaribia sauti yake, acha kigingi cha kukazia kule juu, malizia kwa skrubu ndogo ya mkiani. Ndio unaokatika upesi.