Polisi wa Peel huko Ireland, 1814 hadi 1836: walilinda amani au walilinda kodi na zaka?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam.

Kila zikija habari za historia ya polisi, Robert Peel anamwagiwa sifa kwa polisi wa London wa mwaka 1829, wale wa kutembea kwa miguu mitaani bila bunduki. Sawa. Lakini miaka 15 kabla ya hapo Peel alikuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Ireland (alishika kazi hiyo 1812 hadi 1818), na huko aliunda polisi wa namna nyingine kabisa. Sheria ya 1814 ilimruhusu mwakilishi wa mfalme aliyekaa Dublin kutangaza kwamba tarafa fulani imevurugika, kisha kuipelekea hakimu wa mshahara pamoja na kikosi chenye silaha. Tarafa ya kwanza kuonja ilikuwa Middlethird, kaunti ya Tipperary, Septemba 1814, chini ya hakimu Richard Willcocks. Gharama zikabebeshwa wenyeji wa tarafa hiyohiyo.

Hoja yangu ni kwamba polisi hawa hawakuchukiwa kwa sababu ya bunduki, wala hata kwa sababu walitumwa na Waingereza. Walichukiwa kwa sababu ya kazi waliyotumwa kuifanya.

Tazameni hali ya vijijini. Ardhi ilikuwa mikononi mwa makabaila, wengi wao Waprotestanti, na baadhi hata hawakuishi Ireland. Mkulima Mkatoliki alikodi kipande, na kibarua alikodi kipande kidogo zaidi kwa msimu mmoja ili apande viazi vya kulisha watoto. Wakati wa vita vya Napoleon bei ya nafaka ilipanda na kodi anayolipwa kabaila ikapanda nayo. Vita vikaisha 1815, bei ikaporomoka, kodi ikabaki juu kulekule. Halafu kuna zaka: Mkatoliki analilipia Kanisa la Ireland, la Kianglikana, ambalo hasali humo. Mkoani Munster hata viazi vya maskini vilitozwa zaka, ilhali malisho ya wenye mifugo mingi yalisamehewa mpaka sheria ya 1823 ilipoyagusa. Na mahakimu wa wilayani walikuwa makabaila haohao, au wachungaji haohao wanaodai zaka. Ukishtakiwa, mdai wako ndiye kakaa kwenye kiti.

Watu wakajibu usiku, kwa vikundi vya siri: Whiteboys tangu 1761, Threshers huko Connacht 1806, wafuasi wa Kapteni Rock kuanzia Limerick 1821, Terry Alts huko Clare 1831. Barua ya vitisho inabandikwa mlangoni, ng'ombe wanakutwa wamekatwa mishipa ya miguu, malisho yanalimwa usiku kucha ili mwenyewe alazimike kuyakodisha kwa viazi. Serikali nayo ikawa inafufua Sheria ya Uasi kila hali ikichafuka, mwaka 1814 na tena 1822: ukikutwa nje ya nyumba yako usiku katika eneo lililotangazwa, unahukumiwa bila jopo la wananchi na unaweza kupelekwa ng'ambo miaka 7.

Sasa nambieni, hiyo ndiyo amani iliyokuwa ikilindwa?

Afande Mstaafu

Mwanzisha mada, umeandika vizuri ila umemwonea askari. Kabla ya hawa polisi, nani aliitwa kijiji kikichafuka? Jeshi, au mgambo wa Kiprotestanti ambao walikuja na chuki zao kutoka nyumbani. Juni 18, 1831, huko Newtownbarry, kaunti ya Wexford, watu walikusanyika kuzuia mnada wa ng'ombe waliokamatwa kwa deni la zaka. Waliofyatulia umati ule walikuwa mgambo, na zaidi ya kumi wakafa. Mimi ningechagua askari wa mshahara, mwenye daftari na mkubwa wa kumwajibisha, kuliko jirani yangu mwenye kinyongo aliyepewa bunduki.

Na tusiwape hao watu wa usiku kanzu nyeupe ya utakatifu. Edward Lynch wa kaunti ya Louth alikuwa mkulima, Mkatoliki kama wao. Walimvamia kutafuta bunduki, akawatambua, akatoa ushahidi mahakamani, watatu wakanyongwa. Usiku wa Oktoba 29 kuamkia 30, 1816, wenzao waliizunguka nyumba yake, Wildgoose Lodge, wakaitia moto. Watu 8 waliteketea ndani, akiwemo mtoto mchanga. Lynch alikuwa kabaila? Alikuwa mdai zaka? Mtu wa namna hiyo alihitaji polisi, na alikosa.

Binti wa Pemba

Shikamoo Afande. Hadithi ya Lynch ni kweli na inaumiza, ila umeishia njiani. Kwa moto ule walinyongwa watu 18. Ushahidi mwingi ulitoka kwa watoa siri waliokuwa wakiokoa shingo zao wenyewe, na mpaka leo wapo wanaoamini kwamba baadhi ya walionyongwa hawakuwepo kabisa. Patrick Devan, aliyeambiwa ndiye kiongozi, maiti yake ilifungwa kwenye vyuma ikaning'inizwa karibu na kwao, mama yake akiwa hai. Serikali inayofanya hivyo inataka kutisha, na kulinda mashahidi ni kazi nyingine.

Kijiti

Yaani unachapwa, halafu unaletewa bili ya fimbo 😂 Peel kiboko.

Mwalimu wa Historia

Kijiti umechekesha, lakini bili ile ilikuwa na hesabu yake. Peel alitaka wenye mali wa tarafa waumie mfukoni ili waache kukimbilia Dublin kuomba askari kila wanapoota ndoto mbaya. Kwa hiyo hata baadhi ya makabaila waliichukia sheria yake. Hilo linasahaulika.

Ninachopinga kwa Mwanzisha mada ni kuwaweka wanakijiji upande mmoja na serikali upande wa pili, basi. Kati ya 1806 na 1811 mashariki ya Munster ilitikiswa na ugomvi wa Caravats na Shanavests. Caravats walikuwa zaidi vibarua na maskini, Shanavests walikuwa zaidi wakulima wenye nafasi na watu wao. Kibarua hakumjua kabaila wala hakukutana naye. Aliyempandishia kodi ya kipande cha viazi, aliyemlipa ujira mdogo, alikuwa mkulima Mkatoliki mwenzake aliyekaa naye kanisani. Ndiyo maana barua nyingi za vitisho zilimwendea mtu wa kawaida aliyechukua shamba la jirani aliyefukuzwa, au kibarua wa kutoka kaunti nyingine aliyekubali ujira wa chini.

George Cornewall Lewis, Mwingereza aliyechunguza mambo haya na kuandika mwaka 1836, aliufananisha mtandao wa Whiteboys na chama kikubwa cha wafanyakazi cha kuwalinda wakulima maskini. Ni ufafanuzi mzuri kuliko wa wale walioona njama ya Kikatoliki kila mahali. Watu hawa walikuwa na sheria yao, nani akodi, kwa bei gani, nani asiguswe shambani kwake. Ilikuwa na hukumu bila utetezi na bila rufaa. Nisingependa kuishi chini yake.

Halafu zaka ikabadilisha mpangilio. Sheria ya 1823 ilipoanza kuyatoza malisho, matajiri wa ng'ombe nao wakaguswa. Kufikia 1831, wanaogoma kulipa ni mkulima mkubwa, kibarua na padri pamoja. Hapo ndipo polisi walipokuta mbele yao parokia nzima, mchana kweupe, badala ya vijana 20 waliojipaka masizi.

Mwanzisha mada

Mwalimu, asante, na hapo mwishoni umenisaidia mwenyewe. Tuichukue Carrickshock, kaunti ya Kilkenny, Desemba 14, 1831. Edmund Butler, mpeleka samansi, anatembea na hati za madai ya zaka, amezungukwa na polisi wenye bunduki chini ya Kapteni James Gibbons. Kengele zinapigwa, watu wanashuka kutoka kila upande na uma za shambani, fimbo na mawe. Polisi wanajikuta kwenye njia nyembamba yenye kuta pande zote mbili. Umati unasema jambo moja tu: tupeni Butler, nyinyi nendeni zenu. Gibbons anakataa. Dakika chache baadaye Butler, Gibbons na polisi zaidi ya kumi wamekufa, na watatu wa upande wa wanakijiji.

Sikilizeni lile dai. Hawakusema polisi watoke Kilkenny. Walimtaka mtu wa hati. Askari walikufa kwa karatasi za deni ambazo hazikuwa zao, la kanisa ambalo huenda baadhi yao wenyewe hawakusali. Kesi ilipofika mahakamani mwaka uliofuata, Daniel O'Connell, wakili na mwanasiasa maarufu wa Wakatoliki wa Ireland, akisimama upande wa utetezi, hakuna aliyetiwa hatiani.

Na mkitaka kuona mdai na hakimu wakiwa mtu mmoja, nendeni Rathcormac, kaunti ya Cork, Desemba 18, 1834. Mchungaji William Ryder alikwenda mwenyewe na askari wa jeshi na polisi kudai zaka kwa mjane aitwaye Ryan. Deni: shilingi 40. Ryder alikuwa pia hakimu, kwa hiyo hakuhitaji kumtafuta wa kuhalalisha nguvu. Watu zaidi ya kumi walipigwa risasi wakafa kwenye uwanja wa yule mama.

Afande Mstaafu

Rathcormac waliofyatua ni wanajeshi. Unazidi kunipa hoja.

Mwanzisha mada

Ni kweli, Afande, lakini polisi walikuwa pale kwa kazi ileile. Tazama alipokuja Thomas Drummond, Mskoti, mtendaji mkuu pale Dublin Castle, makao ya serikali ya Ireland, tangu 1835. Mwaka 1836 aliwaunganisha polisi wa kaunti zote chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Bunduki hazikuondolewa. Kilichobadilika ni matumizi. Drummond aligoma kuwakodisha polisi kuwa wakusanya zaka, akawapeleka kwenye magulio kutenganisha magenge yaliyopigana kwa marungu, akaingiza Wakatoliki wengi zaidi kikosini, akawabana Orange, chama cha Waprotestanti wenye msimamo mkali. Mahakimu wa Tipperary walipomlilia mwaka 1838 wakitaka sheria kali zaidi, akawajibu kwamba mali ina wajibu wake kama ilivyo na haki zake. Makabaila walitamani kummeza mzimamzima.

Mjukuu wa Nyeri

Naingia kwa sababu moja. Kikosi hicho cha 1836 ndicho Uingereza iliyokichukua kama kielelezo cha makoloni: askari wa kambini, mwenye bunduki, anayeripoti makao makuu badala ya kwa wanakijiji. Kuanzia 1907 maofisa wa polisi wa makoloni walikuwa wakipelekwa Phoenix Park, Dublin, kufundwa. Na ile ya kulipisha tarafa nzima sisi tunaijua vizuri. Wakati wa hali ya hatari Kenya, kuanzia 1952, kijiji kikishukiwa kuwalisha Mau Mau, ng'ombe wa wote walichukuliwa, wa mwenye hatia na wa asiye nayo. Kwa hiyo mnaposema Drummond aliurekebisha mtambo, mimi nauliza ni sehemu gani ya mtambo iliyosafirishwa. Huruma zake hazikupanda meli.

Binti wa Pemba

👏🏾 Kaka umemaliza.

Afande Mstaafu

Hajamaliza, binti yangu. Nikubali kwamba Drummond alikuwa mtu wa haki. Januari 1839, yeye akiwa bado ofisini, Bwana Norbury, kabaila, alipigwa risasi akiwa kwenye shamba lake mwenyewe, akafa. Tipperary nayo haikutulia. Zaka yenyewe ilitulizwa na sheria ya 1838, iliyoipunguza kwa robo na kuihamishia kwa wenye ardhi, ambao wakaiingiza kwenye kodi. Ukipima vizuri, kilichotuliza parokia ni Bunge kulegeza deni. Polisi wema hawakutosha, kama ambavyo polisi wakali hawakutosha. Askari hapangi kodi. Baada ya 1836 hata hakuruhusiwa kupangwa kaunti aliyozaliwa, wala ya wakwe zake. Hana shamba pale, hana shangazi pale, anapewa amri anatii. Mnataka abebe dhambi ya kabaila, ya mchungaji na ya Bunge kwa mshahara ule?

Mwanzisha mada

Abebe ya kwake tu, Afande. Drummond alikufa Aprili 1840. Miaka saba baadaye viazi vimeoza, watu wanakufa njaa, kabaila anataka shamba liwe tupu. Aliyekuja na nyundo kubomoa paa alikuja na askari wa kikosi kilekile, amri ileile, bunduki zilezile, kumlinda asiguswe.

Mwalimu wa Historia

Na wapo askari wa kikosi hicho waliochangishana pesa kuwalisha wenye njaa katika maeneo yao ya kazi, na waliokufa kwa homa waliyoambukizwa na umati ule. Mwaka uleule, Mwanzisha mada. Utawaweka wapi hao?