Tupeane uzoefu: mtoto anasoma kweli au amehifadhi?

Baba wa Wete: Assalaamu alaykum jamani. Mwanangu yuko darasa la pili. Kitabu cha Kiswahili anakisoma bila kukwama, mpaka nikamfunikia ukurasa kwa kiganja, naye akaendelea vile vile! Kumbe amekihifadhi kama sura za Kurani za chuoni. Nyinyi wa kwenu mliwatoaje hapo?

Mwalimu mstaafu, Chake: Waalaykumu salaam. Wengi wako hivyo, wala si ujinga. Mimi nilikuwa nawasomesha sentensi kuanzia neno la mwisho kuja la mwanzo. Hapo lazima aitazame herufi. Halafu naiandika sentensi ile ile nikibadilisha neno moja: "Juma anakula embe" inakuwa "Juma anauza embe". Aliyehifadhi atakula tu. Na wale wa darasa la kwanza wanaofungua daftari kwa nyuma na kuanzia kulia, msiwagombeze, chuoni ndivyo wanavyoandika. Wachoreeni nukta upande wa kushoto waanzie hapo.

Mama wa Makunduchi: Kwangu vitabu hakuna, kanga zipo. Nikianika, binti yangu anasoma majina. Lakini kanga huandikwa herufi kubwa, basi kubwa akazijua zote na ndogo hazijui. Sasa kila jina analinakili kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani. Kisha anieleze jina lina maana gani na linampiga kijembe nani. Hapo mdomo unafunguka! Nimeshasimuliwa ugomvi wa mtaani ambao mwenyewe sikuwa na habari nao.

Mvuvi, Mkoani: Wangu namchukua dikoni asome majina ya mashua. Basi.

Mwalimu wa Micheweni: Watoto wangu kwenye imla huandika "ntoto" na "nke", kama tunavyosema nyumbani. Siku ya imla tunasahihisha. Siku ya kusimulia nawaacha na Kipemba chao, na hadithi inakuja nzima. Ukimkata kila neno kasimama mbele ya wenziwe, siku nyengine hasimami. Darasa likijaa nawaweka wawili wawili, paukwa, pakawa, kila mmoja amsimulie mwenziwe.

Bint Unguja: Na Kiingereza je? Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilizipeleka Hisabati na Sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wangu nimeanza kumkazania mapema.

Mwalimu mstaafu, Chake: Mkazanie, mwanangu, ila kwanza asome Kiswahili na akifahamu. Nimewapokea wa darasa la tano wanasoma Kiingereza kwa sauti nzuri kabisa, ukiwauliza habari ilikuwa ya nani, kimya. Ni kuhifadhi kule kule.

Baba wa Wete: Shukran, Maalim. Nimejaribu kumsomesha kuanzia neno la mwisho, kagoma. Kasema kitabu hakisomwi hivyo.

Mwalimu mstaafu, Chake: Hahaha, ana haki yake. Basi soma wewe, uharibu neno moja makusudi, yeye akukamate. Akikukamata, akuoneshe kwa kidole neno lenyewe liko wapi.